Maswali yatokayo wodini: nini huwaweka wahadhiri wa udaktari kwenye utafiti

Mhadhiri wa shule ya udaktari ana kazi tatu kwa mshahara mmoja: kufundisha, kutibu na kutafiti. Kazi mbili za kwanza zina wenyewe wa kuzidai. Mgonjwa aliyelazwa Muhimbili, Bugando au Kenyatta hawezi kuambiwa arudi kesho kwa sababu daktari anaandika makala, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wakikosa kipindi habari itamfikia mkuu wa idara kabla ya saa sita mchana. Utafiti hauna wa kuudai. Ukiahirishwa leo hakuna anayeumia leo, na ukiahirishwa mwaka mzima hakuna atakayepiga simu kuuliza. Ndiyo maana idara ikizidiwa, utafiti ndio unaotupwa kwanza. Na ndiyo maana inafaa kuuliza kwa nini baadhi ya wahadhiri huendelea nao miaka ishirini au thelathini, huku wenzao waliosoma nao darasa moja wakiishia kwenye makala mbili tatu za kupandia cheo.

Shule za udaktari za Afrika Mashariki si nyingi sana, na nyingi hazina umri mkubwa. Makerere ilianza mwaka 1924. Dar es Salaam ilipata shule yake mwaka 1963, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na Nairobi ikafuata mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mjini Eldoret mwaka 1990. Chuo cha KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1997 na cha Bugando, Mwanza, mwaka 2003. Madarasa yaliyokuwa ya makumi ya wanafunzi yamekuwa ya mamia, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Anayeulizwa kwa nini hatafiti mara nyingi ndiye yule yule anayesahihisha madaftari ya darasa zima na kushika zamu ya usiku.

Wanasaikolojia wamelishughulikia suala la ari ya kazi kwa muda mrefu. Edward Deci na Richard Ryan, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walijenga nadharia ambayo baadaye ilikuja kutumiwa sana katika elimu ya udaktari: kwamba mtu hudumu katika kazi kwa moyo pale anapokuwa na uhuru wa kuamua mambo yake, anapojiona anaimudu kazi hiyo, na anapokuwa na watu wa kushikamana nao. Fedha na vyeo haviko katika orodha hiyo. Nadharia haisemi kwamba havina maana. Inasema ni vichocheo vya nje, na kichocheo cha nje kikiondolewa, mwendo aghalabu husimama.

Tuanze na muda, kwa sababu bila muda mengine yote ni hadithi. Mwaka 2009 Tait Shanafelt na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wahadhiri wa idara ya magonjwa ya ndani. Waliwauliza ni kazi gani kati ya kutibu, kutafiti, kufundisha na uongozi iliyo na maana kubwa zaidi kwao, kisha wakalinganisha jibu na saa ambazo kila mmoja huzitumia kwa kazi hiyo. Waliopata chini ya asilimia 20 ya muda wao kwa kazi waipendayo, yaani chini ya siku moja kwa wiki, walikuwa na dalili za uchovu wa kazi kwa asilimia 53.8. Waliopata asilimia 20 au zaidi, asilimia 29.9. Kinachovutia katika takwimu hizi ni udogo wa kiwango chenyewe. Hakuna aliyehitaji kuachiwa wiki nzima. Siku moja ya uhakika iliambatana na tofauti kubwa namna hiyo.

Siku hiyo moja ndiyo ngumu kuipata. Daktari bingwa anayefundisha huanza asubuhi kwa taarifa ya zamu, kisha raundi ya wodi akiwa amezungukwa na wanafunzi na madaktari walio mafunzoni, kisha kliniki ambayo foleni yake haiishi saa iliyoandikwa ukutani. Mchana kuna kikao. Jioni wengi huenda hospitali binafsi, na hapa lawama hutolewa upesi kuliko inavyostahili, kwa sababu ada za watoto hazilipwi kwa makala za majarida. Andiko la kuomba ruzuku hubaki kuandikwa usiku, na dirisha la maombi la mfadhili wa ng'ambo hufungwa kwa saa za huko, si za Dar es Salaam. Idara zilizofanikiwa kulinda muda zilifanya jambo lisilo na miujiza yoyote: ziliandika siku ya utafiti kwenye ratiba ya zamu, kwa jina la mhusika, na mkuu wa idara akakataa kuigusa hata pale alipobanwa. Mkuu wa idara asiyetafiti mwenyewe kwa kawaida ndiye wa kwanza kuigusa.

Muda ukishapatikana, kinachoujaza ni swali. Historia ya tiba katika ukanda huu ina mfano ambao kila mwanafunzi wa Makerere huusikia. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya kufundishia ya Mulago, aliitwa na mwenzake kumwangalia mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Uvimbe wa namna hiyo haukuelezeka kwa ugonjwa wowote aliokuwa akiujua. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto wa kike mwenye uvimbe ule ule. Alirudi Kampala akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa, akachapisha maelezo ya ugonjwa huo mwaka 1958, kisha akaandikia hospitali za bara zima akiuliza kama wameuona. Mwaka 1961, yeye na madaktari wawili walisafiri kwa gari wiki kumi, kilometa zipatazo 16,000, hospitali hadi hospitali, kutafuta mpaka wa ugonjwa huo upande wa kusini. Waligundua kwamba unafuata joto na mvua. Sampuli za uvimbe zilizopelekwa London kwa ndege ndizo zilizomwezesha Anthony Epstein na wenzake kugundua, mwaka 1964, kirusi ambacho leo kina jina lake na la Yvonne Barr.

Burkitt hakuwa na maabara ya maana, wala ruzuku ya kutajwa. Alikuwa na swali lililotoka kwa mgonjwa aliyemshika kwa mikono yake. Swali la namna hiyo lina nguvu ambayo mada iliyochaguliwa na mfadhili haina, kwa sababu mtafiti hukutana nalo tena kila Jumatatu kliniki. Halimruhusu alisahau.

Muhimbili ina mfano wake wa karibu zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na kwa miaka mingi watoto hao walifika wodini wakiwa na upungufu mkali wa damu au maumivu ya mifupa, wakaongezewa damu, wakarudi nyumbani bila rekodi ya kuwafuatilia. Mwaka 2004 Julie Makani, aliyesomea udaktari hapo hapo Muhimbili, alianza pamoja na wenzake kuwaandikisha wagonjwa hao na kuwafuatilia kliniki kwa kliniki. Orodha hiyo ilikua hadi maelfu, ikawa mojawapo ya makundi makubwa zaidi ya wagonjwa wa selimundu yanayofuatiliwa katika kituo kimoja popote duniani. Mwaka 2011 Makani alipewa tuzo ya Royal Society Pfizer ya Uingereza. Mpangilio wa kazi yenyewe unafunza zaidi kuliko tuzo: kliniki na utafiti vilikuwa kitu kimoja. Kila aliyemtibu mgonjwa alikuwa anajaza fomu ya utafiti, na kila matokeo ya utafiti yalibadilisha namna ya kumtibu mgonjwa wa wiki iliyofuata. Mhadhiri hakulazimika kuchagua kati ya kazi mbili.

Eldoret ilifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ulianza mwaka 1990 kwa ajili ya kufundisha, si kwa ajili ya UKIMWI. Ugonjwa ulipojaza wodi, mpango wa AMPATH ukaanzishwa mwaka 2001, na mwaka huo huo kituo cha afya cha Mosoriot kikaanza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilizaa programu ya OpenMRS, ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi. Mhadhiri kijana wa Eldoret mwenye swali kuhusu shinikizo la damu kwa watu wanaotumia dawa za VVU haanzi na makaratasi yenye vumbi kwenye kabati. Takwimu za miaka zinamsubiri. Hili linaonekana kama jambo la kiufundi tu, lakini lina uzito mkubwa katika ari. Utafiti wa kwanza wa mtu ukimchukua miezi sita hadi kupata jibu, atafanya wa pili. Ukimchukua miaka mitano, huenda asiufanye.

Hakuna anayetafiti peke yake kwa muda mrefu. Mwenye shahada ya uzamivu anayerudi kutoka Stockholm au Antwerp huacha nyuma kundi zima la watu waliokuwa wakisoma rasimu zake, akafika kwenye idara ambako hakuna mwingine anayeshughulika na mada yake. Miaka miwili ya kwanza baada ya kurudi ndiyo ya hatari. Wakati huo hupewa uratibu wa mitihani, uenyekiti wa kamati na mzigo wa vipindi vya wenzake waliokuwa wakimshikia nafasi, na swali lake la uzamivu hupoa. Mpango wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 ukiongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ulibuniwa ukilenga udhaifu huo: wanafunzi wa uzamivu kutoka vyuo mbalimbali vya Afrika, vikiwemo Nairobi, Moi na Makerere, huingia kwa makundi na kukutana kwenye semina za pamoja kwa miaka kadhaa, bila kuhamishwa kutoka vyuo vyao. Wakihitimu wanakuwa tayari na wenzao wa kuwatumia rasimu.

Uhusiano wa aina hii ukidumu, hupita umri wa miradi. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, vilianza kushirikiana mwaka 1980 kwenye magonjwa ya zinaa. Kundi la wanawake wa mtaa wa Majengo, Nairobi, waliokuwa wakifanya biashara ya ngono, lililofuatiliwa tangu miaka ya 1980, ndilo lililoonyesha kwamba wapo watu wanaokutana na VVU mara nyingi bila kuambukizwa, na matumaini mengi ya chanjo yalijengwa juu ya wanawake hao. Job Bwayo, profesa wa Nairobi aliyekuwa mstari wa mbele katika majaribio ya kwanza ya chanjo nchini Kenya, aliuawa na majambazi mwaka 2007. Kazi iliendelea mikononi mwa aliowalea. Frank Plummer, Mkanada aliyekuwa nguzo ya upande wa pili, alifariki dunia jijini Nairobi Februari 2020, alipokuwa amekwenda kusherehekea miaka 40 ya ushirikiano huo.

Ulezi wa kitaaluma, basi, si heshima ya kumwita mtu profesa na kumbebea mkoba. Mlezi anayefaa husoma andiko la kijana kabla halijapelekwa, humwambia waziwazi kwamba swali lake ni pana mno, na humwachia nafasi ya mwandishi wa kwanza anapoistahili. Wako wazee wa idara ambao majina yao yamo kwenye kila makala inayotoka chini ya paa lao bila kuandika hata aya moja. Vijana hulijua hilo, hulisema kwa sauti ya chini kantini, na wenye uwezo huondoka.

Kuhusu fedha na vyeo, ukweli hauko upande mmoja. Kanuni za kupandisha vyeo katika vyuo vyetu hudai machapisho, na bila kanuni hizo makala nyingi zisingeandikwa. Lakini kanuni huzaa makala, si lazima izae watafiti. Anayelenga uhadhiri mwandamizi hufanya utafiti mfupi, wa dodoso, unaoweza kumalizwa kabla ya kikao kijacho cha kamati, na jarida lisilouliza maswali huwa tayari kuupokea kwa malipo. Kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 serikali ya Tanzania ilitenga fedha za kuwatuza wanataaluma wanaochapisha kwenye majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu, tuzo ikifikia shilingi milioni 50. Ni hatua nzuri, na kwa mshahara wa mhadhiri si fedha ndogo. Ila tuzo huja mwisho wa safari. Aliyekwama mwanzoni, asiye na milioni tano za vitendanishi na nauli ya wakusanya takwimu, haifikii. Ruzuku ndogo za ndani, za kumwezesha mtu kupata matokeo ya awali ya kuombea ruzuku kubwa, zina faida kubwa kuliko zinavyosifiwa.

Na kuna mambo yasiyoongeza ari yakiwepo, lakini yanaiua yakikosekana. Friza ya kuhifadhia sampuli kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri ni mojawapo. Ndani yake kuna mamia ya tyubu ndogo zenye lebo, kila moja ikiwa asubuhi ya mgonjwa fulani na sahihi yake ya ridhaa. Mlangoni kunatundikwa karatasi ya kujaza jotoridi asubuhi na jioni. Umeme ukikatika Ijumaa usiku, jenereta isiwake, na mwenye ufunguo akawa kwao kwenye msiba, Jumatatu asubuhi kazi ya miaka mitatu ni maji. Anayepatwa na hilo mara moja huanza upya. Akipatwa mara mbili, si haki kumwita mvivu akiacha. Vivyo hivyo kwa ofisi ya ununuzi inayochukua miezi minane kuagiza kitendanishi chenye maisha ya mwaka mmoja, na kwa vibali. Jaribio la dawa nchini Tanzania hupita kamati ya maadili ya chuo, kamati ya taifa iliyo chini ya taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA. Kenya kuna pia leseni ya tume ya sayansi, NACOSTI. Hatua hizi zina sababu, na hakuna anayetaka ziondolewe, kwa kuwa zinawalinda wagonjwa. Kinachochosha ni barua kurudishwa baada ya wiki kumi kwa kosa ambalo karani angeliona siku ya kwanza.

Chuo chenye ofisi ya ruzuku inayofanya kazi, yenye mhasibu anayeelewa masharti ya mfadhili na mtu wa kusoma bajeti kabla haijatumwa, humrudishia mtafiti saa nyingi kuliko warsha yoyote ya kuhamasisha. Mpango wa elimu ya udaktari wa MEPI, uliofadhiliwa na Marekani kuanzia mwaka 2010 kwa takriban dola milioni 130 katika kipindi cha miaka mitano, ulitoa ruzuku moja kwa moja kwa shule za Afrika, zikiwemo KCMC, Nairobi na Makerere, badala ya kuzipitisha kwenye vyuo vya Marekani. Wahadhiri walijikuta wakiwa wasimamizi wakuu wa miradi, si wasaidizi wa mtu aliyeko mbali.

Suala hilo la nani ni mwenye mradi huamua mengi. Mtafiti anayekusanya damu Mwanza, kisha akasoma matokeo yake kwenye makala ambayo jina lake ni la tisa kati ya kumi na mbili, amefanya kazi ya kibarua. Atalipwa posho na atashukuru, ila mradi ukiisha na yeye ameisha. Ushirikiano uliodumu ulikuwa wa namna nyingine. Programu ya TANSWED ya Muhimbili na taasisi za Uswidi, iliyoanza mwaka 1986, miaka mitatu tu baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Kagera, iliongozwa upande wa Tanzania na watu kama Fred Mhalu, ikasomesha Watanzania hadi uzamivu na kuwarudisha kwenye maabara zao wenyewe. Kizazi hicho ndicho kilichofanya jaribio la chanjo ya VVU la HIVIS kuanzia mwaka 2007, kwa watu 60 waliojitolea, wakiwemo askari polisi wa Dar es Salaam.

Chanjo haikupatikana. Majaribio yaliyofuata yaliongoza hadi jaribio la PrEPVacc, lililofanyika Dar es Salaam, Mbeya, Masaka na Durban, na mwishoni mwa mwaka 2023 uchanjaji ukasimamishwa baada ya kuonekana hakuna dalili ya kinga. Kwa mtu wa nje hiyo ni miaka mingi iliyopotea. Kwa waliohusika, kuna maabara zinazokubalika kimataifa, wauguzi wanaojua kueleza ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na swali ambalo jibu lake sasa linajulikana hata kama si jibu lililotakiwa. Uwezo wa kuvumilia matokeo hasi haupatikani kwa kuhimizwa. Unatokana na idara inayoyajadili hadharani kama matokeo mengine, na klabu ya majarida ya kila Alhamisi ambamo profesa anaonyesha barua yake ya kukataliwa.

Upande wa pili wapo walioona matunda. Jaribio la vitamini lililoanza Dar es Salaam mwaka 1995, la Muhimbili na Harvard, liliandikisha wajawazito 1,078 wenye VVU, na mwaka 2004 likaripoti kwamba mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulipunguza kasi ya ugonjwa. Hakuna cheo kinacholingana na mhadhiri kuona ushauri uliotoka kwenye takwimu zake mwenyewe ukiandikwa kwenye kadi ya mgonjwa.

Wanawake wana hesabu nyingine ndani ya hesabu hii. Miaka ya uzamivu na ya ruzuku ya kwanza huangukia ile ile ya kuzaa na kulea, na masharti ya wafadhili yanayohesabu umri au miaka tangu kuhitimu bila kutoa likizo ya uzazi huwaondoa kimyakimya. Baadhi ya wafadhili wamebadilika na sasa huruhusu muda huo kuondolewa kwenye hesabu. Vikao vya idara vinavyoanza saa kumi na moja jioni havijabadilika.

Mwaka 2025 mfumo mzima ulitikiswa. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Mei taasisi yake ya utafiti wa afya, NIH, ikaacha kutoa ruzuku ndogo zinazopitia vyuo vya Marekani kwenda nchi za nje hadi utaratibu mpya uwekwe. Idara zilizotegemea mkondo huo zilipunguza wauguzi wa utafiti na wakusanya takwimu ndani ya wiki chache. Umoja wa Afrika uliweka zamani lengo la kila nchi kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 kwa mfuko wake wa taifa. Viwango hivyo havijafikiwa. Katika hali hiyo, miradi iliyojengwa juu ya kliniki za kawaida na daftari za wagonjwa zinazojazwa na watumishi wa hospitali ndiyo iliyoweza kuendelea, kwa mwendo wa polepole, ilhali ile iliyokuwa na wafanyakazi wake, magari yake na ofisi zake pembeni mwa hospitali ilifunga milango.